GPS ya Kwanza ya Kupimia Shamba: Chagua Bila Kupigwa

Huku Matwebe mvua imeshika, pikipiki imelala ndani kwa sababu ya utelezi, kwa hiyo leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika somo ambalo vijana wengi wamekuwa wakiniuliza: "Afisa, nataka GPS yangu ya kupimia mashamba. Ninunue ipi?"

Nianze na kisa kimoja ili tuelewane tunazungumzia hela gani hapa.

Kijana mmoja alikodi shamba la miaka mingi kwa ajili ya parachichi. Aliambiwa ni ekari 3, akalipa kodi ya ekari 3. Akapiga hesabu vizuri kabisa kama tulivyofundishana: nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inaingia miche kama 82, kwa hiyo ekari 3 ni miche 246. Akanunua miche ya Hass iliyobebeshwa, akakodi gari, akaita vibarua. Wakachimba mashimo mpaka mwisho wa shamba. Miche 57 ikabaki kivulini haina pa kwenda.

Akanipigia simu. "Afisa, miche imezidi au shamba limepungua?" Nikaenda na tepu. Shamba lilikuwa ekari 2.3. Hakuna aliyehamisha mpaka, na mzee aliyemkodisha si tapeli. Mzee alipima kwa hatua 70 kwa 70 kama tunavyopima wote. Tatizo lilikuwa miguu.

Kwa nini hatua zinadanganya

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiifanya mraba, kila upande ni kama mita 64. Mtu mzima mwenye hatua ndefu ya sentimita 90 akipiga hatua 70 anapata mita 63, na 63 kwa 63 ni mita za mraba 3,969. Hiyo ni ekari, hatuna ugomvi.

Sasa mwenye hatua ya sentimita 80 akipiga hatua zile zile 70, anapata mita 56. Mara 56 ni mita za mraba 3,136, yaani robo tatu ya ekari na kidogo. Rudia mara tatu, unapata ekari 2.3. Hiyo ndiyo ile miche 57.

Halafu kuna milima yetu. Rungwe si Usangu. Mtu akipanda mteremko hatua zinafupika, akishuka zinarefuka. Na hata ukitumia tepu, ukiilaza juu ya mteremko inakupa urefu wa ardhi, si urefu wa ramani. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 100 ulizopima chini ni mita 87 tu kwenye ramani. Mkataba na hati hutumia kipimo cha ramani, na GPS nayo inapima hivyo hivyo. Kwa hiyo usishangae GPS ikikupa eneo dogo kuliko tepu iliyolazwa chini. Ukipima kwa tepu kwenye mteremko, ishikilieni ikiwa imelala sawa kama maji, kwa vipande vifupi vifupi, mkishuka kama ngazi.

Kosa la eneo haliishii kwenye kodi. Linaingia kwenye mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Kama unaweka mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 kwa ekari, na ekari zako 3 ni 2.3, umebeba kilo 35 zisizo na kazi. Hata makadirio ya mavuno yanaharibika. Unasema shamba linazaa kidogo kwa ekari, kumbe ekari yenyewe haipo.

Je, wewe unahitaji kununua?

Nitasema ukweli hata kama unakuvunja moyo. Si kila mkulima anahitaji GPS ya mkononi.

Kama una shamba moja la ekari moja au mbili na huna mpango wa kukodi lingine, tafuta tepu ya mita 50 na mwenzako mmoja wa kushika upande wa pili. Mtamaliza asubuhi moja, na jibu litakuwa zuri kuliko la GPS. Kama una simu janja, programu za kupima eneo kama GPS Fields Area Measure zinatosha kukupa makadirio ya shamba lililo wazi.

Unahitaji GPS kama unakodi mashamba sehemu mbalimbali kila msimu, kama una ekari nyingi, kama umepewa kazi ya kuorodhesha mashamba ya kikundi au AMCOS, au kama unataka kufanya kazi ya kuwapimia wakulima wenzako kwa malipo. Na hata hapo, fikirieni kununua moja ya kikundi. Kifaa hiki kinafanya kazi siku chache kwa msimu. Hakuna sababu ya vijana kumi wa kijiji kimoja kuwa na GPS kumi kabatini.

Elewa kwanza kinachofanya na kisichofanya

GPS ya mkononi inasikiliza mawimbi kutoka setilaiti zilizo juu sana angani, inapima umbali wa kila moja, kisha inakadiria ulipo. GPS yenyewe ni ya Marekani. Siku hizi kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na vifaa vingi vinasikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Haihitaji bando wala mtandao wa simu. Inachohitaji ni kuona anga.

Zamani mawimbi ya raia yalikuwa yanavurugwa kwa makusudi kwa sababu za kijeshi, na kosa lilifika mita 100. Rais Bill Clinton wa Marekani aliamuru uvurugaji huo uzimwe Mei 2000. Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer akaficha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni huko Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo, watu wakaenda kuitafuta. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa GPS, unaoitwa jiokashingi, na leo unachezwa dunia nzima.

Nimeuleta mchezo huo kwa sababu wachezaji wake wanajua jambo ambalo wakulima wengi hatulijui. Kifaa kinawafikisha jirani na kopo, mita chache. Baada ya hapo wanakiweka mfukoni na kutafuta kwa macho, chini ya jiwe, nyuma ya gogo. Hawamalizii kwa kifaa.

Shambani ni vivyo hivyo. Kwenye uwanja wazi, GPS ya mkononi nzuri inakosea kama mita 3 mpaka 5. Chini ya miti mizito au kwenye bonde, inaweza kufika mita 10 na zaidi. Sasa angalia kosa la mita 3 kila upande linafanya nini. Shamba la ekari moja lenye mita 64 kwa 64 litasomeka 70 kwa 70, ambayo ni mita za mraba 4,900, yaani umeongezewa asilimia 21. Shamba la ekari 10, lenye mita kama 201 kila upande, litasomeka 207, na kosa ni asilimia 6 tu. Mara nyingi makosa huwa yanakwenda huku na huku na kupunguzana, kwa hiyo hali haiwi mbaya hivyo kila siku. Lakini kanuni ishike: shamba likiwa dogo, usiiamini GPS peke yake. Chini ya nusu ekari, tumia tepu.

Mambo saba ya kuangalia dukani

1. Ipime eneo yenyewe. Kuna GPS zinazoonyesha njia na nukta tu. Muulize muuzaji akufungulie sehemu ya kukokotoa eneo, uzunguke nje ya duka, uone jibu linatoka. Akianza kusema "ipo, utaiona nyumbani", aga uende.

2. Isikilize mifumo zaidi ya mmoja. Huku kwetu kwenye migomba na mabonde, setilaiti nyingi ni afya. Inayosikiliza GPS na GLONASS ni ya kiwango cha kuanzia. Zipo zinazosikiliza mifumo mingi zaidi na kwa masafa mawili, kama Garmin GPSMAP 65. Hizo zinahimili miti vizuri zaidi, ila bei nayo inapanda.

3. Betri. Zinazotumia betri 2 za AA, zile za saa ya ukutani, zinafaa sana kwetu kwa sababu zinapatikana hata kwenye duka la kijijini. Garmin eTrex 22x na 32x ni za aina hiyo, na zinakaa mpaka saa 25. Zile za kuchaji ni nzuri kama una umeme wa uhakika. Kumbuka tu kwamba betri za bei rahisi zinavuja, kwa hiyo zitoe msimu ukiisha.

4. Vitufe. Kioo cha kugusa kinapendeza dukani. Shambani, vidole vina udongo na mvua inanyesha. Vitufe vinabonyezeka hata ukiwa na glavu.

5. Maji. Tafuta alama ya IPX7. Maana yake kifaa kinaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia. Kwa Rungwe hiyo ni lazima.

6. Njia ya kutoa kumbukumbu. Hakikisha unaweza kuhamisha nukta na mipaka kwenda kwenye kompyuta. Angalia waya wake kabisa. Hizo eTrex nilizotaja zinatumia waya wa mini-USB wa kizamani, si ule wa simu yako. Usiondoke dukani bila waya.

7. Usilipie usichotumia. eTrex 32x ina dira ya kielektroniki na kipima hewa cha kukadiria mwinuko, 22x haina. Kwa kupima eneo, hivyo viwili havikuongezei hata robo ekari. Ramani za rangi, muziki na mambo ya kutuma ujumbe kwa setilaiti ni mazuri kwa watalii wa milimani. Wewe una mbolea ya kununua.

Nimetaja Garmin kwa sababu ndizo ninazozifahamu. Hakuna anayenilipa. Kampuni nyingine zipo, zipime kwa mambo hayo hayo saba. Bei chukua kwa maduka matatu kabla ya kuamua, na dai risiti na dhamana ya maandishi. Cha mtumba si kibaya, ila kioo kisiwe na ukungu kwa ndani, na mlango wa betri usiwe na kutu.

Ipeleke uwanja wa mpira kwanza

Umeshanunua. Usianze na shamba la mtu. Nenda uwanja wa shule siku ambayo hakuna mechi. Uupime kwa tepu, urefu na upana, uandike. Uwanja wa kiwango cha kimataifa ni mita 105 kwa 68, ambayo ni mita za mraba 7,140 au ekari 1.76, lakini wetu wa kijijini uupime mwenyewe.

Halafu zunguka na GPS mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Linganisha majibu na tepu. Sasa umekijua kifaa chako, umejua kinakosea kiasi gani pakiwa wazi. Hicho ndicho kitu ambacho muuzaji hawezi kukuuzia.

Kabla ya hapo panga mipangilio miwili. Mfumo wa ramani uwe WGS84. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilitumia mfumo wa Arc 1960, na ukichanganya hiyo miwili nukta yako inahama karibu mita 300, yaani shamba lako linakwenda kukaa kwa jirani wa tatu. Na namba za mahali, ambazo wapimaji wanaziita koodineti, zichague ziwe za nyuzi au za UTM, usichanganye. Kwa UTM, huku kwetu kifaa kitaandika 36 L mwanzoni. Kwa nyuzi, tuko nyuzi 9 kusini na 33 mashariki. Ukisahau alama ya kusini ukaandika kaskazini, parachichi zako zitakuwa Sudan Kusini.

Namna ya kupima, na kosa langu mwenyewe

Hapa nikiri. Miaka ya mwanzo ya kazi niliitwa na ndugu wawili waliokuwa wanagawana shamba la baba yao. Shamba lenyewe lote ni migomba, majani yamefunga juu. Nilikuwa na haraka. Nikazunguka vipande viwili mara moja moja, kifaa nimekishika chini kama rungu, nikasoma: mkubwa ana ekari 0.58, mdogo ana 0.44. Nikawaambia, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Wale ndugu hawakusalimiana kwa wiki kadhaa. Mama yao ndiye aliyenifuata, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hicho kimashine chako kimenigawia watoto." Nilirudi na tepu siku nzima. Vipande vilikuwa 0.51 na 0.50. Baba yao alikuwa amegawa sawa kabisa, kwa macho yake, miaka mingi kabla. Niliomba radhi mbele ya wote. Vipande vilikuwa vyembamba, upana kama mita 32, na mita 3 za kosa kila upande zilitosha kuharibu kila kitu.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu, na wewe ufuate:

Kwanza, waite majirani wa pande zote na mwenye shamba. Zungukeni mpaka kwa miguu mkikubaliana kila kona kabla ya kuwasha kifaa.

Pili, washa ukiwa pa wazi na usubiri dakika 5 mpaka 10. Kifaa kinaandika kinakisia kosa la mita ngapi. Likiwa zaidi ya mita 5, endelea kusubiri.

Tatu, kishike juu usawa wa bega, kikitazama anga. Usikiweke mfukoni wala kukikumbatia.

Nne, tembea mwendo mmoja, juu ya mpaka wenyewe. Usikate kona kukwepa tope.

Tano, chini ya migomba au miti usitegemee kuzunguka. Simama kila kona, tafuta upenyo wa anga, tumia sehemu ya kupiga wastani wa nukta, ukae dakika kadhaa hapo hapo.

Sita, pima mara tatu. Majibu yakikaribiana, chukua wastani. Yakitofautiana sana, lete tepu. Usichague lile linalomfurahisha aliyekulipa.

Saba, andika tarehe, majina ya waliokuwepo na majibu yote matatu, wasaini. Na usitangaze eneo la mtu mpaka uwe na uhakika.

GPS si hati

Jambo la mwisho, na ni zito. Karatasi yenye namba za GPS haikupi umiliki. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na Hatimiliki ya Kimila hutolewa kwa utaratibu wa halmashauri ya kijiji. Mgogoro wa mpaka unaanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, hauamuliwi na kioo cha kifaa chako. Ukipimia watu kwa malipo, waambie wazi kwamba unapima eneo kwa ajili ya kilimo, huweki mipaka ya kisheria. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni.

Ila namba zako zina kazi nyingine kubwa. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, unauliza ukubwa wa shamba, na mtu anayejua ekari zake halisi hababaiki. Kwa wenzetu wa kahawa hapa Rungwe na kakao kule Kyela, Umoja wa Ulaya una sheria Na. 2023/1115 inayotaka mazao hayo yajulikane yametoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limetokana na kukata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja. Likizidi hapo wanataka mpaka wote. Nukta iandikwe kwa nyuzi zenye tarakimu 6 baada ya desimali. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajipanga, nawe jipange. Chai na parachichi hazimo kwenye orodha hiyo.

Yule kijana wa parachichi? Ile miche 57 aliiuza kwa jirani, kwa hasara kidogo. Alikaa na yule mzee, wakapima upya pamoja, na mzee mwenyewe akapunguza kodi ya miaka iliyobaki. GPS hakununua. Alinunua tepu, na msimu uliofuata kikundi chao kikachanga kupata GPS moja.

Kwa hiyo ukiulizwa ipi ni nzuri, jibu kwamba ni ile inayopima eneo, inayovumilia mvua, yenye betri unazozipata dukani kwenu, na uliyoijaribu uwanja wa mpira. Nayo itakufikisha jirani na ukweli. Mita chache za mwisho malizia kwa macho, tepu na majirani.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: pima hatua yako. Tandaza tepu mita 50, tembea kawaida, hesabu hatua, gawanya. Ukijua hatua yako ni sentimita ngapi, hutapigwa tena na ekari ya miguu ya mtu mwingine.